Pikipiki Zilizolala: Ufundi wa Kufufua Mitambo Shinyanga na Geita

Historia ya pikipiki katika Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita ni historia ya pikipiki zilizosimama kama ilivyo ya zile zilizotembea. Katika nchi ambayo chombo kilinunuliwa mara moja katika maisha ya mtu, au kiligawiwa na idara ya serikali kisha kikakosa spea, kusimama hakukuwa mwisho wake. Pikipiki iliingizwa ndani ya nyumba au kuegeshwa pembeni mwa ghala la pamba, ikafunikwa turubai, na wenyewe wakasema imelala. Neno hilo lina uzito, kwa kuwa kilicholala kinatarajiwa kuamka. Sababu zilizozilaza pikipiki hizo mara nyingi zilikuwa sera, bei ya mazao na uhaba wa fedha za kigeni kuliko ubovu wa chuma chenyewe, na kwa hiyo mtu anayetaka kuelewa ufundi wa kuziamsha hana budi kutazama spana na uchumi kwa pamoja.

Lugha ilikipokea chombo hiki kwa sikio. Pikipiki, na lile jina la zamani tukutuku, ni tanakali za sauti, yaani maneno yanayoiga mlio wa kitu, na yote mawili yanaiga mlio wa injini ya silinda moja. Wakati wa utawala wa Waingereza mlio huo ulikuwa wa wachache, hasa maofisa, wamisionari na watafiti wa madini. Reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika 1928 na kupita Shinyanga, ilifanya vyuma vizito na mapipa ya mafuta yafike kwa urahisi, na migodi ndiyo iliyoleta karakana kubwa. Geita, ambako Wajerumani waliitambua dhahabu mwishoni mwa karne ya 19, mgodi ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966. Na Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga, mwanajiolojia kutoka Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wenye almasi mwaka 1940, akajenga mji mzima wenye umeme, hospitali na karakana zake. Karakana hizo hazikuwa shule, lakini kijana aliyeanza kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa aliweza, baada ya miaka, kutoka humo akijua kupima, kuchonga na kufunga.

Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba ufundi wa chuma uliletwa na migodi. Warongo, wayeyushaji na wafua chuma wa Uzinza na maeneo ya Geita, walikuwa wakitengeneza majembe yaliyouzwa Usukumani kote muda mrefu kabla ya mkoloni, na jembe la Mrongo lilipoisha ncha halikutupwa bali lilirudishwa kwenye moto. Mazoea ya kukitazama chuma kama kitu kinachorudishwa kazini yana mizizi mirefu katika nchi hii, na fundi pikipiki wa miaka ya 1980 aliyakuta yakiwa hai.

Fedha za kununulia vyombo zilitoka kwenye pamba. Shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililoundwa 1955 na kusimamiwa na Paul Bomani, liliweka mapato ya zao hilo mikononi mwa wakulima kwa kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana kabla yake, na dalili ya kwanza ya mapato hayo ilikuwa baiskeli. Pikipiki ilifuata polepole, kwanza kwa makarani wa ushirika, walimu na wafanyabiashara, kisha, katika miaka ya 1970, kwa mabwana shamba na watumishi wa miradi waliopewa mashine za Kijapani. Zilikuwa za namna mbili. Namna ya kwanza ilikuwa na injini ya mapigo mawili, kama Yamaha DT 125 na AG 100, ambayo huchoma oili pamoja na petroli na huwasha mara moja kwa kila mzunguko wa injini. Namna ya pili ilikuwa na injini ya mapigo manne, ambayo hutunza oili yake chini ya injini na huwasha mara moja kwa kila mizunguko miwili.

Katika namna hii ya pili mashine moja inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana itarudi tena katika simulizi hii. Honda ilipokusudia kuunda pikipiki ya nchi zenye kipato kidogo, wahandisi wake walikwenda kutazama jinsi zilivyotumika huko, wakakuta kwamba oili haibadilishwi kwa wakati na matengenezo ya kawaida yanaachwa mpaka chombo kigome. Hawakuwalaumu waendeshaji, walibadilisha mashine. Katika Honda CG 125, iliyotoka 1976, waliacha ile cheni nyembamba ya ndani inayozungusha mtambo wa valvu, ambayo huumia mapema oili ikichafuka, wakarudi kwenye vijiti vya chuma vinavyozisukuma valvu kutoka chini, na cheni ya nje wakaifunika kwa kasha ili vumbi lisiile. Mashine iliyoundwa kwa kukubali kwamba itasahauliwa ilikuwa na nafasi kubwa ya kuamka baada ya kusahauliwa.

Usingizi mkubwa ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970. Vyama vya ushirika vilivunjwa 1976. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimeza mafuta na fedha za kigeni. Na miaka iliyofuata inakumbukwa kwa foleni za sukari na sabuni, wakati ambapo plagi moja ya pikipiki ilikuwa bidhaa adimu. Pikipiki haikuhitaji kuharibika sana ili isimame. Ilitosha tyubu kupasuka pasipo nyingine ya kubadilisha, au ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni ili moto usivuje, kulika kupita kiasi. Idara iliyokuwa na pikipiki nne ililaza moja ili ivunjwe na spea zake zihudumie nyingine tatu, kisha ya pili, kisha ya tatu. Penye karakana za viwanda vya kuchambulia pamba, ambazo wenyeji huziita jinari, bushi zilichongwa kwa shaba na gasketi zikakatwa kwa mkasi kutoka kwenye boksi gumu. Mtu asiyejali atasema huo ulikuwa ubabaishaji. Kwa kweli ulikuwa uhandisi wa hali ya juu uliofanyika bila michoro, na ulistahili heshima ambayo haukupewa.

Pikipiki iliyolala miaka mingi iliamshwa kwa utaratibu ambao mafundi waliurithishana kwa kuonyeshana, na kazi ilianza kwa mkono, si kwa mguu. Fundi mwangalifu hakupiga kiki, kwa sababu pistoni, kile chuma cha duara kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, huenda ilikuwa imeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu, na teke moja la haraka lingevunja ringi au kukwaruza silinda. Aliifungua plagi, akamimina dizeli au oili nyepesi katika tundu lake, akaiacha usiku kucha, pengine siku tatu. Kisha akaingiza gia ya juu kabisa na kulisogeza gurudumu la nyuma mbele na nyuma, kidogo kidogo, mpaka pistoni ikaachia. Gia ya juu ilichaguliwa kwa sababu ndiyo inayolipa gurudumu nguvu kubwa zaidi ya kuizungusha injini, na fundi aliyejua hilo aliokoa injini ambazo mwenzake mwenye pupa alizivunja.

Baada ya hapo alilishughulikia tangi. Petroli iliyokaa miaka hupoteza sehemu yake nyepesi, ikabaki utomvu wa rangi ya chai wenye harufu kali kama ya vanishi, nao huganda kwenye tangi na ndani ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye silinda. Kutu ya tangi iliondolewa kwa kutia konzi ya kokoto na mafuta ya taa, kisha kulitikisa tangi mpaka mikono ichoke, na mwenye busara alizihesabu kokoto zikiingia na akazihesabu tena zikitoka. Kabureta ilifunguliwa juu ya kitambaa cheupe ili kisipotee kitu. Ndani yake mna boya, linalopanda petroli ikijaa na kuziba njia yake, na mna jeti, msumari mdogo wa shaba nyeupe au ya njano wenye tundu jembamba kuliko sindano. Wengi walilizibua tundu hilo kwa uzi mmoja uliochomolewa kwenye waya wa klachi, na pikipiki ikawaka, lakini tundu likapanuka na tangu siku hiyo ikanywa petroli kama lori. Waliofunzwa vizuri waliiloweka jeti na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli.

Ulifuata moto, kama mafundi wanavyouita umeme wa plagi. Pikipiki za enzi hizo zilitumia pointi, yaani ncha mbili ndogo za chuma zinazokutana na kuachana ili koili itoe cheche, na ncha hizo zikikaa kwenye unyevu hufanya utando unaozuia umeme. Zilisuguliwa kwa msasa laini, kisha nafasi kati yao ikapimwa iwe karibu milimita 0.35, na asiye na kipimo alitumia kipande cha pakiti ya sigara. Plagi ililazwa juu ya silinda, kiki ikapigwa kwa mara ya kwanza, na macho yote yakatazama rangi: cheche ya buluu inayolia ilimaanisha kazi imekaribia kwisha, nyekundu dhaifu ilimaanisha koili au nyaya bado. Waya za breki na klachi zililainishwa kwa kufunga faneli ya nailoni kwenye ncha ya juu na kuijaza oili, iteremke yenyewe usiku. Viatu vya breki vilivyogandia kwenye habu viligongwa taratibu na kusuguliwa. Oili ya zamani ilimwagwa kabla ya kuwasha, na, jambo ambalo wasiojua hulisahau, mpya nayo ilimwagwa baada ya mwendo mfupi, kwa kuwa oili hiyo ya kwanza hubeba kutu na takataka zote zilizolegea.

Chombo kilichowaka kilikuwa bado hakijafaa kupandwa. Ghala la pamba ni makazi ya panya, na panya hupenda sponji. Siti iliyolala miaka mitano mara nyingi ilikuwa mfuko mtupu wenye matundu, na chujio la hewa lilikuwa kiota. Kazi ya siti ilikwenda kwa fundi cherehani, aliyekata godoro vipande, akavipanga vigumu chini na laini juu, kisha akashona kifuniko cha ngozi bandia na kukivuta kwa misumari midogo. Foku za mbele, yaani mabomba mawili yanayobeba gurudumu na kumeza mishtuko, zilikuwa zimekauka sili zake za mpira na kuvuja, na shokamzoba za nyuma zilikuwa zimeshika kutu kwenye fito.

Ardhi nayo ilikuwa na masharti yake. Wasukuma huutofautisha udongo wa kichanga wa miinuko, wanaouita luseni, na udongo mweusi mzito wa mabondeni, unaoitwa mbuga, na pikipiki ilipaswa kuzijua aina zote mbili. Kwenye luseni wakati wa kiangazi hatari ni vumbi na usukani kucheza. Kwenye mbuga wakati wa masika tope hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la mbele linakataa kuzunguka, na ndiyo maana pikipiki nyingi zilizofufuliwa zilinyanyuliwa madigadi au kuondolewa kabisa. Starehe, kwa hiyo, haikumaanisha ulaini peke yake. Pikipiki ya Shinyanga ilitakiwa kuwa na utulivu ikiwa imebeba mzigo, na mafundi waliongeza vipande vya mpira katikati ya springi za nyuma ili zisizame chini ya magunia, wakijua kwamba mwendeshaji akirudi mtupu mgongo wake utalipa. Ulikuwa uamuzi wa makusudi, uliopimwa kwa kazi inayomlisha mtu.

Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wananchi wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika uongozi 1985 milango ilizidi kufunguka. Spea zilianza kuonekana Mwanza, na kutoka huko zikavuka ziwa kwa kivuko cha Kigongo hadi Busisi kuelekea Geita, njia iliyodumu kwa vivuko mpaka daraja lilipofunguliwa 2025. Dhahabu nayo ikaamka. Benki Kuu ilianza mwaka 1990 kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo bila maswali mengi, na maeneo kama Nyarugusu, Rwamagasa na Bulyanhulu yakajaa maduara, yaani mashimo ya kuchimbia yaliyoimarishwa kwa magogo yanayoitwa matimba. Mawe yenye dhahabu yalipaswa kufika kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, na maji, chakula na dizeli vilipaswa kufika kwenye duara, mahali ambapo gari halikupita. Mtu yeyote aliyekuwa na pikipiki chini ya turubai alikuwa ghafla na mtaji. Mafundi wa pampu na wa injini za karasha ndio walioitwa kuziamsha, na kwa njia hiyo ujuzi wa jinari na ujuzi wa machimbo ukaungana. Kuondolewa kwa wachimbaji wadogo Bulyanhulu mwaka 1996, na kufunguliwa kwa migodi mikubwa ya Geita mwaka 2000, Bulyanhulu 2001 na Buzwagi 2009, kulibadilisha nani anachimba wapi, lakini mahitaji ya usafiri hayakupungua.

Katika miji ya Shinyanga na Kahama abiria walikuwa wamezoea kupanda baiskeli, ambazo huko ziliitwa daladala, jina ambalo kwingine ni la mabasi madogo. Pikipiki za China zilipoingia kwa wingi katika muongo wa kwanza wa karne hii, zile za jina la SanLG zikiwa miongoni mwa zilizosambaa zaidi, biashara hiyo ilihama kutoka kwenye pedeli kwenda kwenye injini na kuchukua jina la bodaboda, lililozaliwa miaka mingi kabla mpakani mwa Kenya na Uganda. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za kusafirisha abiria kwa pikipiki, na kazi ikawa na leseni, mikataba ya kulipia chombo mpaka kiwe mali ya dereva, na madeiwaka, yaani vijana wanaoendesha kwa siku chombo cha mwingine.

Hapa ndipo Honda ya 1976 inaporudi. Injini nyingi za Kichina zilizoingia zilikuwa nakala ya CG 125, zenye vijiti vilevile vya kusukuma valvu na kipenyo kilekile cha silinda, milimita 56.5. CG 125 iliyolazwa kwa kukosa ringi katika miaka ya uhaba ilikuta, miaka ishirini baadaye, ringi za kipimo chake zikining'inia kwenye kila duka la spea la Kahama na Geita kwa bei ya nauli. Umeme ulikuwa jambo jingine, kwa kuwa nakala hizo zilitumia kisanduku cha elektroniki mahali pa pointi. Lakini moyo wa injini ulipatikana. Yamaha za mapigo mawili hazikupata bahati hiyo, na nyingi zimelala hadi leo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi uamuzi wa mhandisi aliye mbali unavyoamua ni chuma kipi cha Usukumani kitarudi barabarani.

Wingi wa spea umeleta nafuu kubwa, na anayeukumbuka uhaba hawezi kuulaumu. Lakini umebadilisha ufundi. Kijana anayejifunza leo chini ya mwembe hubadilisha kabureta nzima pale ambapo mtangulizi wake angeiosha, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu mteja ana haraka ya kurudi kijiweni. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya 1974 iliweka majaribio ya ufundi kwa madaraja, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza mitaani, utaratibu unaojulikana kama urasimishaji wa ujuzi. Huo ni mwanzo mwema. Kupima, hata hivyo, kunathibitisha kwamba mtu anajua, hakuandiki anachokijua.

Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, huko Kisesa, yanatunza ngoma na vifaa vya watemi, na wageni hufika kutoka mbali kuvitazama. Kando ya vitu hivyo panafaa pawepo pikipiki moja ya miaka ya 1970, iliyovuliwa kabureta na pointi zake na kuwekewa maelezo kwa Kiswahili na Kisukuma kutoka kwa waliowahi kuifungua. Wenye mamlaka juu ya makumbusho, vyuo vya ufundi na kumbukumbu za mikoa ya Shinyanga na Geita wanaombwa waende na daftari kwa mafundi hao sasa, kwa kuwa waliojifunza kwenye pikipiki za pointi wamezeeka.